Mashuka ya Mke wa Afande

Mtaani kwetu Mvara hakuna aliyehitaji saa ya kumwamsha. Afande alikuwepo. Alfajiri alitoka nje na viatu vyake vyeusi, vilivyong'arishwa mpaka unaweza kujitazama meno, akasimama katikati ya uwanja na kuanza kuwagombeza mbuzi wa jirani kana kwamba ni makuruta waliochelewa gwaride. "Wewe! Kwani hapa iko nyumba ya baba yako?" Mbuzi walimtazama, kisha wakaendelea kutafuna majani ya uzio. Sisi wapangaji wa vyumba vya pembeni tulicheka chini ya blanketi, halafu tukaamka, maana ukichelewa uligongewa dirisha na wewe.

Nimeishi naye ukuta mmoja miaka mingi. Jina lake nililijua lakini halikunifaa kitu, kwa sababu hata mke wake alimwita Afande mbele za watu. Alistaafu zamani. Jeshi lipi na chini ya serikali ipi sikumwuliza. Huku kwetu mtu wa umri ule haulizwi swali hilo, anakaribishwa chai tu. Alikuwa mrefu, mgongo wima, mguu mmoja ukiburuta kidogo, na alikuwa na amri kwa kila jambo. Nguo zianikwe upande huu. Pikipiki za boda zizimwe kabla ya kufika kwenye uzio wake. Ukimwuliza kwa nini, jibu lilikuwa lile lile: "Hapana uliza." Nilimwogopa mwaka mmoja, nikamzoea mwaka uliofuata, na baada ya hapo nikawa namtania kama binti anavyomtania baba yake.

Jambo lililonitatiza juu yake ni poda. Mzee yule alinunua poda ya watoto wachanga kwenye kibanda cha njiani, kopo baada ya kopo, na watoto wake wote walikuwa watu wazima, mmoja Kampala na mwingine Juba. Mwenye kibanda alishindwa kujizuia siku moja. "Afande, mtoto iko wapi?" Afande alichukua kopo lake, akaligeuza kuangalia kama limefunguliwa, akaondoka zake. Mtaa ukajijibu wenyewe. Wengine walisema ana vipele vya joto. Wengine wakasema ana mwanamke upande wa sokoni aliyejifungua. Mimi niliona ni majivuno tu ya uzee, kwa sababu kweli alinukia vizuri kuliko wanaume wote wa mtaa ule.

Kisha kulikuwa na usingizi wake wa mchana. Baada ya chakula alifunga mlango na dirisha, akatia komeo, akabaki ndani mpaka jua lilipopungua. Nyumba zetu zina bati bila dari, na mchana wa Arua unaujua; mtu hawezi kulala humo, labda aokwe. Lakini amri ilikuwa amri. Hakuna kutwanga, hakuna redio, Afande amepumzika. Mke wake alikaa nje kwenye mkeka, mgongo umeegemea ule mlango uliofungwa, na magotini ana shuka jeupe lenye maua ya kutarizi na sindano imechomekwa.

Mashuka yale, ambayo wengi huku huyaita milaya, unayajua kama umewahi kukaribishwa katika nyumba ya mtu wa kwetu. Ni shuka la kitanda lililotariziwa kwa mkono kutoka kona hadi kona, maua na ndege na majani, na pembeni limefungwa lesi ya kufuma. Mama humshonea binti anayeolewa. Hutandikwa mgeni akija, hutandikwa mzazi akitoka hospitali, na siku nyingine hukaa sandukuni limekunjwa. Ya mke wa Afande yalikuwa na sifa ya peke yake. Ndege wake walikuwa kanga, wanono, madoadoa yao yamepangwa moja moja, na kila mmoja amegeuza shingo kutazama nyuma. Wapita njia walisimama. "Mama, kazi mingi!" Naye alijibu, "Ndiyo, kazi iko," akachomoa sindano, akaichomeka pale pale. Ingekuwa nina macho ningeona kwamba ile sindano ilikuwa katika ua lile lile tangu juma lililopita.

Nilikuja kujua kwa sababu ya maonyesho. Akina mama wa kanisa walikuwa wamepanga siku ya kuuza kazi za mikono katika uwanja wa shule mjini, wakapita nyumba kwa nyumba kuwaandikisha wenye vitu. Mratibu wao, mwanamke mchangamfu mwenye simu kubwa, aliona kanga wale akashika kichwa kwa mshangao. Akamwandika mke wa Afande papo hapo. Mchana ule ule mama huyo, mke wa Afande, alinigongea ukuta, akaniita. Nilikuta mlango uko wazi nusu, nikachungulia.

Afande alikuwa ameketi kwenye kigoda, kifua wazi, jasho linamtiririka, miwani mizito puani, mikono myeupe kwa poda mpaka kwenye viwiko. Magotini alikuwa na shuka. Sindano ilikuwa kwenye mkia wa kanga. Alinitazama kama mtu aliyefumwa anaoga.

"Funga mlango," akasema. Nikataka kuufunga kwa nje. "Hapana! Ingia kwanza. Ingia, halafu funga."

Nikaingia, nikafunga. Joto la chumba kile lilikuwa la tanuri. Poda ilikuwa ya kuzuia jasho lisichafue kitambaa cheupe, basi. Mke wake alisimama kando akiwa ameshika mdomo, nusu anacheka, nusu anataka kulia. "Mimi hapana jua kushona hata kifungo," akaniambia. "Na sasa wameandika jina yangu. Wewe umesoma, fanya kitu."

Mtu asiyetujua atauliza aibu ilikuwa ya nini. Wanaume mafundi wa nguo wamejaa barazani sokoni, wanapiga cherehani na hakuna anayewatazama mara mbili. Nilimwambia hivyo. "Mashini iko na chuma," alinijibu, amekasirika kabisa. "Iko na mguu, iko na gurudumu. Ile kazi ya mwanaume. Hii ya mkono, ya maua, ya kukaa chini na wanawake... hapana." Na huku anasema hivyo, sindano ilikuwa inaingia na kutoka, bila yeye kuiangalia.

Alijifunza ng'ambo, Kongo, enzi za watu kukimbia vita. Hilo alinisimulia mara moja tu, kwa kunung'unika. Mguu ulikuwa umevunjika, akawekwa katika nyumba iliyojaa wanawake waliokuwa wakitarizi kuanzia asubuhi. Alihangaika, akawasumbua, akatoa amri kutoka kitandani, mpaka bibi mmoja akachoka naye, akamtupia kitambaa na sindano kama unavyompa mtoto kijiko achezee. Mguu ulipopona aliendelea kusingizia kuumwa juma zima ili amalize ua. Hapo alipofika katika hadithi aliona haya, akaniuliza kama sina kazi nyumbani kwangu.

Sokoni ndipo ungecheka. Nyuzi alizichagua mwenyewe, lakini hakuweza kuonekana anazichagua. Basi mke wake alitangulia kwenye duka la nyuzi, naye Afande akafuata nyuma na kusimama duka la pili kwenye majembe, kana kwamba hawajuani. Mama alinyanyua uzi mwekundu. Kimya. Akanyanyua mwekundu mwingine. Afande akakohoa. Huo ukaingia kapuni. Mwenye duka la majembe alimpa pole ya kifua kila wakati, na safari moja akampa tangawizi bure. Aliichukua. Angefanyaje?

Alikuwa mtu wa namna hiyo: angeweza kumfokea mtu mzima kwa kutupa ganda la ndizi njiani, kisha akae siku nzima akifumua kanga mzima kwa sababu doa moja limekwenda upande. Alidai wanawake huongea mno, na mimi kupitia ukutani nilimsikia akimwongelesha mke wake kupitia mlango mchana kutwa, kwa sauti ya chini, juu ya rangi ya majani. Alipenda kusifiwa kuliko mtu yeyote niliyemjua. Wageni wakisifu mashuka ya mke wake alikaa pale pale, amenyoosha mgongo, anasikiliza mpaka neno la mwisho, halafu anasema, "Wanawake na mambo yao," na anatoka nje kwenda kugombeza mbuzi. Nilikuwa nikimwonea huruma na kumkasirikia kwa wakati mmoja.

Kabla ya siku ya maonyesho alimfundisha mke wake majibu kama anayemwandaa kwa zamu ya usiku.

"Wakiuliza uzi?"

"Nasema nilinunua soko."

"Wakiuliza nani alikufundisha?"

"Mama yangu."

"Wakiuliza siku ngapi kwa shuka moja?"

"Mingi."

"Muzuri. Hapana ongeza kitu."

Tukaenda asubuhi, sisi watatu, Afande amesema anakuja kulinda mali. Tulipewa meza na kamba. Mama akayapanga mashuka juu ya meza kama yanavyokaa sandukuni: yamekunjwa mraba, upande mweupe juu, ndege wote ndani. Kisha akakaa nyuma yake ameweka mikono mapajani. Watu walipita. Walitazama vikapu vya jirani, walitazama vyungu, walitazama rundo letu la vitambaa vyeupe, wakapita. Mratibu alikuja akatusihi tuyatundike. Mama alikataa katakata. "Hii shuka ya kitanda. Mimi nitatandika kitanda yangu mbele ya watu wote?" Wala hakuwa na utani. Shuka la milaya linatandikwa kwa ajili ya mtu, mgeni unayemjua au bi harusi wako. Kulianika kwa kila anayepita kwake ilikuwa kama kuvua nguo. Nilimwelewa, ila jua lilikuwa linapanda na hatujauza kitu. Nyuma yetu Afande alisimama amekunja mikono, taya zinacheza. Kazi ya maisha yake ilikuwa pale juu ya meza, hakuna anayeiona, na hakuweza kusema neno.

Aliyetuokoa, au aliyetuponza, sijui niseme lipi, ni mwanamke wa Kongo wa meza ya pili, muuzaji wa vikapu. Alituvumilia mpaka adhuhuri. "Mama," akasema, "mutu anunue kitu yenye hajaona? Wee, simama." Akavuta shuka la juu kabisa, akalikung'uta likafunguka lote, akalitupa kambani.

Niliwahi kuyaona yakiwa magotini, vipande vipande. Sikuwahi kuliona moja limenyooka kwenye mwanga wa mchana na upepo unalitikisa. Kanga walikuwa kama wanatembea. Watu waliokuwa wanapita walisimama, na waliosimama wakawaita wengine, mpaka meza ikasukumwa. Mtu akauliza kwa nini ndege wote wanaangalia nyuma. Swali hilo halikuwamo katika mafunzo. Mama akajibu, "Wanaangalia watoto wao, kama wanafuata." Wanawake wakapiga vigelegele. Baadaye Afande aliniambia ukweli wake: kichwa kikitazama mbele, mdomo unatoka nje ya kona. Lakini jibu la mke wake lilimwingia. Kuanzia hapo kila kanga aliyemshona alikuwa na vifaranga nyuma yake.

Tungerudi nyumbani tukiwa na furaha kama mratibu asingefika na simu yake. "Mama, kaa hapa mahali pa mwanga. Shona kidogo tu, tupige video, watu waone mikono yako."

Mama akaniangalia mimi. Akamwangalia mumewe. Umati ulikuwa umetuzunguka pande zote, hata pa kupitisha mguu hapakuwa. Akachukua sindano. Aliishika kama mtu anayetaka kutumbua jipu, akaisukuma, ikagoma, akaisukuma kwa nguvu, ikatokea upande wa pili moja kwa moja kwenye kidole chake. Damu ikatoka. Nilimtazama Afande. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshanyooka hewani, vidole vimekutana tayari kupokea sindano. Alikuwa hatua moja tu kutoka kwenye ile sindano. Kisha akauona mkono wake mwenyewe, akaurudisha, akapaza sauti ya gwaride: "Mama iko mgonjwa! Leo hapana kazi! Rudi nyuma!" Watu wakarudi nyuma. Mratibu akaleta bendeji.

Bendeji ile haikutoka tena. Wangefanya nini? Mwaliko uliofuata ulikuja haraka, na mwingine, na kila mahali watu walitaka kumwona akishona, na kila mahali alifika na kidole kimefungwa. Wakamwita Mama Shuka. Habari za kidole zikaenea kuliko habari za mashuka. Waliletewa mafuta, waliletewa mizizi ya kuchemsha, na siku moja mchungaji mgeni alikishika kidole kile kizima kabisa, akafumba macho, akakiombea kwa muda mrefu mbele ya kusanyiko. Mama alifika nyumbani akakaa kwenye mkeka akalia. "Watu nashukuru mimi tu," aliniambia. "Kila siku asante mama, asante mama. Mimi hapana fanya kitu. Nitasema nini kwa Mungu juu ya hii mashuka?"

Na ndani, Afande hakutoka tena. Walioagiza walikuwa wengi, naye alikuwa mmoja. Alianza kujifungia asubuhi pia. Mbuzi walikula ua wakamaliza, boda zilipiga honi mlangoni, na mtaa mzima ukawa unachelewa kuamka. Walisema mzee ana ugonjwa. Nilimpelekea maji ya kunywa siku moja nikamkuta amefunga macho, anasugua kope. Nikamwambia, toka nje, Afande, kaa kwenye baridi kama watu wengine, nani atakuua? "Zamani walinifunga watu," akasema. "Nilijua watanifungulia siku moja, kwa sababu walinichoka. Hapa nimejifunga mimi." Akarudi kwenye shuka lake.

Ndipo ulipokuja mwaliko wa Koboko. Huu haukuwa wa kuuza. Kikundi cha wanawake kutoka Lurujo na vijiji vya jirani kilitaka Mama Shuka akakifundishe. Bendeji isingetosha. Mama alisubiri hadi mumewe amalize kula, akamwambia mbele yangu, "Tunakwenda pamoja. Mimi nitasema." Afande akauliza atasema nini. "Ile kweli iko," akajibu.

Ukumbi ulikuwa kando ya barabara inayokwenda Oraba, malori ya mpakani yanapita na kutikisa madirisha. Wanawake walikuwa wameketi chini na vitambaa vyao magotini, nyuzi zimepangwa, nyuso zimenyanyuliwa kwake. Afande alibaki nje kwenye kibaraza, karibu na dirisha. Mama alisimama, akafungua bendeji taratibu, akainua kidole chake juu. Kizima.

"Dada zangu," akasema, "mimi hapana mgonjwa. Mimi hapana shona. Ile mashuka yote, ile kanga yote, ni mzee yangu anashona. Afande. Ule iko nje."

Halafu mwanamke mmoja wa mbele akaanza kucheka. Akafuata wa pili, na ukumbi wote ukaangua kicheko, wakapigana mabega, wengine wakafuta machozi. Mama Shuka ana vichekesho! Afande! Na ule mwendo! Na yale mabuti! Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye kitambaa cha kijani kichwani, akasimama na kwenda dirishani. "Afande! Ni kweli? Wewe nashona maua?"

Mimi nilikuwa mlangoni, niliwaona wote wawili, mama ndani na mzee nje. Mke wake alikuwa bado ameinua kidole. Alikuwa anamtazama kupitia dirishani kwa uso ambao sitausahau, uso wa mtu anayekunyooshea mkono kutoka ng'ambo ya mto. Afande alisafisha koo. Akanyoosha mgongo.

"Mimi?" akasema. Halafu akacheka na yeye. "Ule mama napenda mchezo."

Ningempiga. Nasema kweli, kama asingekuwa mzee ningempiga pale pale. Mama aliteremsha mkono. Akawaambia wanawake kwamba leo wataanza na kuchora, akachukua penseli, akawachorea kanga mbaya mno, na wao wakamchora hivyo hivyo, kwa heshima. Mafunzo yaliisha mapema.

Tulipokuwa tunasubiri gari la kurudi Arua mama alimwambia mumewe neno moja tu. "Nilikufungulia mlango, wewe ukakaa." Hakumsuta tena baada ya hapo, si siku ile wala nyingine. Maonyesho aliyaacha. Aliwaambia watu macho yamechoka. Afande aliendelea kushona, mashuka yakajaa sandukuni, na jioni walikaa pamoja kwenye mkeka, wakinywa chai kutoka kikombe kimoja kama zamani. Sikujua kama alimsamehe. Nafikiri alimwelewa, na hilo linaweza kuwa zito zaidi kwa mtu.

Mama alifariki msimu wa mvua, kwa presha, ghafla. Tulimzika kijijini kwa mumewe, Lurujo. Shuka lililotandazwa juu ya jeneza lilikuwa lenye vifaranga wengi kuliko yote. Watu walisimama mmoja mmoja wakasifu mikono yake: mratibu alilia, mwenyekiti alilia, mchungaji akasema kwamba Mungu ndiye aliyeipa mikono ile kipaji. Afande alisimama wima mwanzo hadi mwisho kama yuko kwenye kupandisha bendera. Nilimwangalia nikifikiri, sasa atasema? Lakini angesemaje? Aseme kwamba kipaji wanachokililia hakikuwa cha mama, mbele ya kaburi lake? Afande hakurudi Mvara; alibaki kijijini kwake. Vyombo vyake vilifuatwa na lori, na chumba kikachukuliwa na kijana fundi wa simu.

Mwaka jana nilikwenda Koboko kwa harusi ya mpwa wangu. Siku iliyofuata nikapita uwanjani, kulikuwa na maonyesho ya kazi za mikono, na kwenye safu ya mwisho nikaona kanga. Walikuwa wametundikwa wote, kamba nzima. Na chini yao, mchana kweupe, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, Afande alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akitarizi.

Machozi yalinitoka kabla sijamfikia. "Afande!"

"Wewe," akasema. "Bado unaamka kuchelewa?" Akanisogezea kiti. Alikuwa amekonda, na miwani ilikuwa mizito zaidi, lakini vidole vilikuwa vile vile, vinakwenda bila kusita. Nilimwambia nimefurahi. Nilimwambia mama angefurahi. Aliitikia kwa kichwa.

"Nilisema," akaniambia. "Siku ya kwanza hapa, mbele ya watu. Nikasema ni mimi, tangu zamani ni mimi, mama alisema kweli na nyinyi mlicheka."

"Wakasemaje?"

"Wakasema pole mzee." Akakata uzi kwa meno. "Mmoja akaniletea uji."

Nilishindwa kuelewa mara moja. Kisha wateja wakaja, nikaanza kusikia kwa masikio yangu. Walizungumza nami kwa sauti ya chini, kama watu walio msibani, wakidhani mimi ni binti yake. Pole kwa mama. Aliacha vitu vizuri. Na mzee anajitahidi, masikini, anamalizia vile mama alivyoacha, ni upendo huo. Mwanamke mmoja alimwelekeza mumewe amtazame Afande ajifunze jinsi mtu anavyompenda mke. Afande alikuwa akishona pale pale mbele yao. Niliona kila mtu akiitazama mikono yake, ikishika sindano, ikivuta uzi, na hakuna hata mmoja aliyeiona.

Jua lilipoanza kushuka akaja mwenyekiti, yule wa kitambaa cha kijani. Alimsalimia kwa mikono miwili, akashika pembe ya shuka lililokuwa magotini, akaligeuza, akakagua nyuma ya mishono. Akapitisha kidole kwenye doa baada ya doa.

"Mzee, unajaribu," akasema. "Nasema kweli, unajaribu sana. Lakini mkono ya mama ilikuwa ingine."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno ya miaka yote hiyo, yamejipanga. Afande aliweka kiganja juu ya mkono wangu, akaubana, wala hakunitazama.

"Ndiyo," akamwambia. "Mama alikuwa hodari." Akashusha miwani, akainamia shuka, akaendelea kushona.